Jaji Aliyekiambia Chama Ukweli



Tukisikia habari za mahakama, huwa tunamtazama mwajiri peke yake. Leo tunawaeleza habari za jaji mmoja wa Marekani aliyesikiliza kesi ya chama cha wafanyakazi, na chama kikashindwa kwa haki.

Jina lake ni A. Leon Higginbotham. Alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Trenton. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwandani, mama yake mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1944 aliingia Chuo Kikuu cha Purdue. Huko wanafunzi Weusi walilazwa darini pasipo moto, katika baridi kali. Alipolalamika kwa mkuu wa chuo, aliambiwa kwamba sheria hailazimishi chuo kuwapa malazi mengine. Ndipo alipoamua kusoma sheria.

Mwaka 1964 Rais Johnson alimteua awe jaji wa mahakama ya serikali kuu huko Philadelphia. Jaji wa mahakama hiyo huwasikiliza mashahidi mwenyewe.

Mwaka 1971 wafanyakazi Weusi, pamoja na serikali ya jimbo la Pennsylvania, walilishitaki tawi namba 542 la chama cha waendesha mitambo ya ujenzi, yaani watu wa kreni na katapila. Makandarasi nao walishitakiwa. Kazi ilipatikana kwa kupitia ofisi ya chama: aliyeitwa jina ndiye aliyekwenda kazini. Weusi walisema wanarukwa.

Mwaka 1974 washitakiwa walimtaka jaji ajiondoe, kwa kuwa ni Mweusi na alihutubia mkutano wa wanahistoria wa Watu Weusi. Alikataa. Je, jaji Mzungu huambiwa aondoke kwa sababu ni Mzungu?

Mwaka 1977 alipandishwa mahakama ya rufani, lakini kesi hii aliimaliza mwenyewe. Mwaka 1978 aliamua kwamba chama kilibagua kwa makusudi. Aliwatia hatiani makandarasi pia, ila mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliwaondolea hatia hiyo, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wao walikusudia. Hatia ya chama ilibaki. Jaji alifariki mwaka 1998.

Ndugu, kikulacho ki nguoni mwako. Sisi viongozi tunaoshika daftari la majina, tukiwatanguliza jamaa zetu na watu wa kabila letu, tunamsaidia mwajiri kutugawa. Katika mkutano ujao, takeni daftari hilo lisomwe mbele ya wote.