Mashine Iliyogoma Mpaka Upate Jibu

Je, wajua kwamba yale mazoezi ya lugha ya kwenye simu, yanayowaka kijani ukipata na nyekundu ukikosa, yalikuwa na babu yake karibu miaka 100 iliyopita? Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, aliieleza mashine yake kwa maandishi mwaka 1926. Swali lilionekana kwenye kidirisha, na mwanafunzi alichagua jibu kwa kubonyeza kimoja kati ya vitufe vinne. Ilikuwa na wenzo mdogo. Ukiwa upande mmoja, mashine ilihesabu tu majibu. Ukihamishiwa upande wa pili, iligoma: swali jipya haliji mpaka ubonyeze kitufe sahihi. Pressey aliiongezea hata kifaa cha kutoa peremende kwa aliyefikisha alama.

Kugoma huko ni kuzuri, ila kuna mwanya. Mtazame anayejifunza Kiswahili: “Kitabu ___ kiko wapi?” Anabonyeza “yangu”. Nyekundu. Chini pana mistari miwili kuhusu ngeli ya ki-vi, lakini macho hayafiki huko. Kidole kimeshakwenda kwenye “langu”, halafu “wangu”, halafu “changu”. Kijani! Kesho huyohuyo ataandika “kikombe yangu”, na mrejesho wala haukukosekana.

Mimi simlaumu sana. Rangi humwambia mtu amepata au amekosa, na anayehesabu alama haoni haja ya kuuliza zaidi. Lakini kubahatisha kuna hasara nyingine. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe walionyesha, kwa maswali ya maarifa ya jumla, kwamba kosa alilolifanya mtu akiwa na uhakika husahihishika kwa urahisi kuliko la kubahatisha. Aliyeapa moyoni kuwa amepata hushtuka akikosolewa, akatega sikio. Aliyebonyeza ilimradi hana cha kushtukia.

Tena, namna ya kukosoa ina uzito wake. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada na mwaka 1997 wakaripoti kuwa walimu walipenda zaidi kuirudia sentensi ya mtoto ikiwa imeshanyooshwa. Ndiyo njia iliyoitikiwa kidogo kuliko zote. Mwalimu alipoishia njiani, akamwachia mwanafunzi amalizie mwenyewe, kila mara mwanafunzi alijaribu.