Maji Yakipita, Jembe Lirudi Shambani

Mkulima mwenzangu wa kando ya ziwa, wewe uliyewahi kulala shuleni na watoto huku nyumba yako imejaa maji, huna haja ya kuelezwa mafuriko ni nini. Lakini yafaa tuzungumze juu ya siku yanapoondoka. Njaa ya baada ya mafuriko huja polepole, nayo hufika wakati waliokuja na misaada wamekwisha kwenda zao.

Kwanza, jua ni maji gani yaliyokupata, maana yako ya namna mbili.

Maji ya mto hutoka milimani. Mvua ikinyesha sana huko Nandi na Kericho, mto Nyando huteremka kwa nguvu. Ukifika Kano, palipo tambarare kama sinia, humwagika mashambani. Mara nyingi maji haya hukaa siku au majuma machache, kisha hupungua na kuacha tope.

Maji ya ziwa ni mengine. Ziwa letu hupata maji yake mengi kutokana na mvua inyeshayo juu yake lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja unakoanza mto Nile. Likipanda, halina haraka ya kushuka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Tena, baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2019, mwezi wa Mei 2020 lilifika kimo kile cha 1964 na kukipita kidogo.

Basi, ikiwa ni maji ya mto, usingoje msimu mwingine. Ardhi ikianza kubeba mguu wa mtu, fungua mifereji, inua matuta, upande kunde na viazi vitamu. Majani ya kunde huchumwa baada ya majuma manne hivi. Mtama nao huvumilia maji kuliko mahindi. Na maji ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa kipindupindu hufuata mafuriko.

Ikiwa ni maji ya ziwa, usishindane nayo. Mwombe jirani aliye mahali pa juu akuazime kipande cha shamba. Wewe jirani, usiogope kunyang'anywa: pataneni mbele ya mzee wa kijiji, mwandike ni misimu mingapi, na kwamba atapanda mazao ya msimu tu, si miti. Wala msiyamalize mafunjo ya ufukoni; hupunguza nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo hujificha humo.

Wajaluo wana desturi yao ya saga: leo majirani wote hulima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Anzeni na la mjane na la mgonjwa, kwa sababu hao wakichelewa kupanda, watakula mbegu, na aliyekula mbegu hana msimu ujao.

Mafuriko yatarudi. Kwa hiyo kila kikundi kiweke mbegu kavu, zilizochanganywa na majivu na kufunikwa vizuri, katika nyumba iliyo juu ambako maji hayafiki. Katika baraza lijalo, kabla ya mengine yote, ulizeni hivi: mbegu zetu ziko wapi, na nani anazitunza?