Maumivu ya Kiuno: Lini Usiseme "Ni Kazi Tu"

Anayeishi Kibosho, Machame au Marangu hahitaji kuelezwa maumivu ya kiuno ni nini. Mama anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani hadi kihambani. Baba anazibua mfereji, kijana anabeba mikungu ya ndizi kupeleka sokoni. Jioni kila mmoja anajishika kiuno. Mengi ya maumivu haya ni ya misuli na viungo, na hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, hasa mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi badala ya kulala kitandani kutwa.

Tatizo ni kwamba, kwa kuwa sote tunaumwa kiuno, yule mmoja mwenye ugonjwa mkubwa hatumtambui. Yeye mwenyewe husema "ni kazi tu", hununua dawa za maumivu dukani, hukandwa kwa maji ya moto, na miezi inapita.

Tofauti ya kwanza huonekana usiku. Maumivu ya kazi kwa kawaida hupata nafuu ukijilaza. Maumivu yanayokuamsha usiku wa manane, au yanayozidi wiki hadi wiki hata ukipumzika, yanahitaji kuchunguzwa. Na zaidi sana yakiambatana na homa za jioni, jasho jingi usiku, au nguo zako kuanza kukupwaya.

Hapo tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi hushangaa, maana wanaijua TB kwa kikohozi. Lakini vijidudu vyake huweza kusafiri kwa njia ya damu kutoka mapafuni, vikakaa kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, na makohozi yake yakapimwa yasionyeshe kitu. Pingili zikibonyea, mgongo hutoa kibyongo. Usaha ukibana uti wa mgongo, miguu hulegea na hata kupooza. Ndiyo maana ile desturi ya kumwita mtoto akukanyage mgongo ni ya hatari kwa mtu ambaye hajajua anaumwa nini. Daktari Mwingereza, Percival Pott, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, wakati hapakuwa na dawa ya kuuponya. Leo dawa zipo na nchini kwetu hutolewa bure, ingawa TB ya mifupa hutibiwa kwa muda mrefu kuliko ile miezi 6 ya mapafu, mara nyingi hadi miezi 12. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 na kwa miaka mingi imejulikana kwa wagonjwa hao. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asisubiri hata kidogo, kwani kinga yake ikiwa chini TB humwingia kwa urahisi.

Ugonjwa wa pili unatoka bandani. Brusela huwafanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, na binadamu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Huleta homa inayokuja na kuondoka, uchovu, na maumivu ya viungo na kiuno. Sisi huiita malaria. Katika utafiti uliofanyika mwaka 2007 na 2008 katika hospitali mbili za Moshi, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria, lakini maabara ilithibitisha malaria kwa 14 tu. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye brusela. Kwa hiyo ukifika kwa daktari mwambie unafuga, na kama mnyama wako ametupa mimba mwambie hilo pia. Na maziwa yachemshwe, hata yale ya kugandisha.

Kwa aliyevuka miaka 50 na mgongo unamuuma kwa mara ya kwanza, saratani ya tezi dume au ya matiti iliyosambaa hadi mifupani lazima ifikiriwe. Bibi anaweza kuvunjika pingili kwa kuteleza tu mlangoni.

Lipo moja lisilongoja hata kesho. Ukipata ganzi sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, au mkojo ukagoma kutoka, au haja ikakutoka bila kujua, mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo inabanwa. Watu huona aibu kulisema, hata kwa mke au mume. Hapa zinahesabiwa saa: nenda moja kwa moja hospitali kubwa, kama KCMC au Mawenzi, usiku huo huo.

Na aliyeanguka kutoka mtini asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuteni ubao au mlango, mumwinue kwa pamoja akiwa amenyooka, kichwa na shingo vikishikwa visigeuke, kisha mtafute gari ambalo atalala.