Ukiambiwa upunguze uzito, usiondoe ladha kwenye sufuria

Mtu akipimwa kliniki akaambiwa presha imepanda na uzito umezidi, mara nyingi anarudi nyumbani na agizo moja kichwani: punguza mafuta, punguza ugali. Jioni hiyo anachemsha mchicha kwa maji na chumvi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tano harufu ya chipsi pale stendi inamshinda, na mpango wote unaishia hapo.

Ndugu msikilizaji, wanaoambiwa hivyo wanaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015/16 ukakuta 28. Mijini ndiko kwenye wengi zaidi, lakini bodaboda, mashine ya kusaga na soda vimeshatufikia na sisi huku Dongobesh.

Habari njema ni kwamba kinachonenepesha na kinacholeta ladha mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Chukua mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina nishati ya kilokalori 120 hivi, na ya alizeti ni sawa na mafuta mengine yoyote. (Wapo wanaoamini alizeti hainenepeshi kwa sababu imekamuliwa hapa hapa. Inanenepesha.) Familia ya watu watano inayomaliza lita moja kwa wiki, kila mmoja anakula kilokalori zaidi ya 230 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake. Lita hiyo ikikaa wiki tatu, zinabaki kama 80. Chora alama kwenye chupa kwa kalamu, uone mafuta yanashuka kwa kasi gani.

Sasa ladha itoke wapi? Mbulu inajulikana kwa kitunguu saumu. Tunakipeleka sokoni kwa magunia, halafu nyumbani tunaunga mboga kwa chumvi tupu! Jaribu hivi: weka kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima, tia kitunguu maji, funika, moto uwe mdogo ili kitunguu kitoe maji yake. Kikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Tia nyanya ziive mpaka zivurugike. Kitunguu saumu kilichopondwa kije mwishoni, kwa sababu kikiungua kinakuwa kichungu. Mboga za majani zikae dakika chache tu, zisigeuke uji.

Ukishajua msingi huo, badilisha kinachoingia. Leo majani ya maboga na karanga za kusaga, kijiko kimoja, maana karanga nazo zina mafuta mengi. Kesho mlenda na dagaa waliokaushwa kwenye sufuria kavu, wakakamuliwa limao. Siku nyingine mbaazi zenye tangawizi, au mnavu na maziwa ya mgando. Makande yenye maharage mengi kuliko mahindi, yakiungwa kwa kitunguu saumu na giligilani, yanashibisha muda mrefu. Kachumbari ya limao na pilipili inaamsha sahani yoyote.

Limao linasaidia pia wenye presha, kwa kuwa linafanya chumvi kidogo ionekane inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Vile vidonge vya kuungia mchuzi, sehemu kubwa ni chumvi.

Ugali usiuache, upime. Mboga ichukue nusu ya sahani, ugali robo, maharage au samaki robo. Dona inashibisha kuliko sembe, ila ukila sinia zima haitakusaidia kitu. Chai nayo ina lake: vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya sukari ni gramu 36 kwa siku. Baridi ya huku tunaijua, lakini tangawizi au mchaichai vinaifaa chai bila sukari yote hiyo.

Ugumu mkubwa uko kwingine. Mama ndiye anayepika, na kuni hazitoshi kwa sufuria mbili. Basi pika moja, ya wote, yenye mafuta kidogo. Mtoto mdogo na mama anayenyonyesha waongezewe mafuta au karanga kwenye sahani zao, kwani wao hawatakiwi kupungua. Na majirani watasema. Ukikonda watauliza unaumwa nini, au mumeo hakulishi. Mwambie mzee wa nyumbani mapema kile ulichoambiwa kliniki, ajue la kuwajibu.

Anayetumia dawa za kisukari asianze kuruka milo kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Mizani ya magunia ya mnadani haiwezi kukuonyesha nusu kilo, hata kama wapo wanaopanda pale kwa utani. Pima kituo cha afya mara moja kwa mwezi. Katikati ya hapo, angalia sketi yako inafungwa kwenye tundu la ngapi.