Unga Mkimya, Maji Yenye Sauti

Duka langu liko Itungi, wilayani Kyela, kwenye njia ya kushukia bandarini. Rafu ya juu napanga unga wa ngano wa Azam, ya chini maji ya Kilimanjaro. Aprili 2009 mzee mmoja mvuvi, aliyezoea kuja kwangu kusikiliza redio, alivitazama akaniuliza:

"Mwanangu, mwenye maji na mwenye unga wote matajiri. Mbona mmoja tunamsikia kila siku kwenye siasa, na mwingine hata sauti yake siijui?"

Mwezi huo Reginald Mengi, mwenye IPP na maji hayo ya Kilimanjaro, alikuwa ameita waandishi wa habari na kutaja wafanyabiashara watano aliowaita "mafisadi papa". Rostam Aziz, mmoja wao, alikana na kumrudishia kwamba Mengi ndiye "nyangumi". Huku Kyela masikio yalikuwa yamesimama, maana mbunge wetu wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, ambayo ripoti yake ya Februari 2008 ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu.

"Baba, ni tabia," nilimjibu, na bado naamini hivyo.

Baadaye nilisoma kwamba wasomi Hambrick na Mason waliandika tangu 1984 kuwa kampuni hufanana na wakubwa wake. Mengi alizaliwa katika umaskini Machame, akasomea uhasibu, akaanza kiwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Aliyetokea huko hakuona sababu ya kunyamaza, na alipopata magazeti na televisheni ya ITV, kampuni nzima ikawa na mdomo wake. Said Salim Bakhresa, mwenye unga wa Azam, aliacha shule mapema, akaanza na biashara ya viazi. Naye ana televisheni, ila watu wanaifuata kwa mpira.

Matajiri wengine waliingia wenyewe kwenye siasa. Mohammed Dewji alikuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Rostam aliachia ubunge wa Igunga mwaka 2011, akisema amechoshwa na siasa uchwara.

Utaniambia ni hesabu za biashara tu: leseni, kodi, zabuni. Hesabu zipo, tena nzito. Mwenye kinu anaumia ushuru ukipanda bandarini. Lakini hawa wote walilipa kodi kwa serikali ileile, na kila mmoja akashika njia yake. Mimi nilimpenda msemaji. Msimamo wake niliusikia kwa masikio yangu, na nikitaka kuupinga ningejua pa kuanzia.

Mengi alifariki Dubai, Mei 2019. Maji yake bado nayauza na ITV bado naiwasha, ila sijamwona tena mwenye kampuni ile akikaa mbele ya kamera kutaja majina. Siku ya habari za msiba, mzee yule alinunua chupa moja, akakaa nayo kwenye benchi bila kuifungua mpaka taarifa ya saa mbili ikaisha.