Tashbihi, Sitiari au Tashihisi?

Mtahiniwa, katika Karatasi ya Tatu ya KCSE (102/3), kutaja tamathali bila kuitolea mfano na maelezo ni kujinyima alama. Tazama wazo moja kwa sura tatu.

"Njaa ilikuwa kama mgeni asiyealikwa." Kilinganishi 'kama' kimetumika, hii ni tashbihi.

"Njaa ni mgeni asiyealikwa." Ulinganishi ni wa moja kwa moja, hii ni sitiari.

"Njaa iliingia, ikaketi, ikakataa kuondoka." Njaa imepewa matendo ya binadamu, hii ni tashihisi.

Hata hivyo, si kila 'kama' ni tashbihi. Katika "Sijui kama mvua itanyesha", hakuna kinacholinganishwa. Basi usisake neno tu. Jiulize: nini kinafananishwa na nini, na kwa sifa gani?