Kuchagua Mashua Ndogo ya Tanga

Mtu aishiye mbali na maji naye aweza kuwa baharia, maadamu ana chombo chepesi na tela la kukikokota nyuma ya motokaa. Katika Uingereza desturi hii imeenea sana. Mashua hulala uani, na siku ya mapumziko hupelekwa ziwani au pwani, mlingoti ukasimamishwa na tanga likapandishwa. Jioni vyote hurudi nyumbani. Twataka kueleza jinsi ya kuchagua chombo cha namna hii kwa matembezi ya mchana na kwa mashindano, kwani mambo haya mawili hayapatani sikuzote, na akoseaye hupoteza fedha yake, pengine hata roho.

Kwanza tufahamu kwamba mashua hizi hazina mkuku mzito wa kuziinua zilalapo. Zina ubao tu, ushushwao katikati ili chombo kisisukumwe upande. Ubao huo hauzuii kupinduka. Farumi ni watu wenyewe, ambao huketi upande wa goshini na kujinyosha nje upepo ukizidi. Ngalawa yetu husimama kwa mirengu yake. Hizi husimama kwa tumbo na miguu ya baharia! Basi mtu mwepesi asichukue tanga kubwa.

Kwa sababu hiyo twaisifu Laser, aliyoibuni Bruce Kirby mwaka 1970, ambayo sasa huitwa pia ILCA. Ni chombo cha mtu mmoja, urefu meta 4.2, uzito wa mwili wake kilo 59 hivi. Mwili ni ule ule, lakini mtu mzima mzito huweka tanga la meta za mraba 7 hivi, na kijana huweka la 4.7. Tangu mwaka 1996 imo katika Michezo ya Olimpiki. Lakini asiyependa kulowa asiinunue, wala hamna nafasi ya kikapu cha chakula.

Mwenye jamaa na atazame Wayfarer ya mwaka 1957, kazi ya Ian Proctor. Urefu wake ni meta 4.8, na uzito kilo 168 hivi, hata watu wawili hawaibebi. Ni imara mno: mwaka 1963 Frank Dye na mwenzake walisafiri nayo kutoka Scotland hadi Iceland, jambo ambalo hatumshauri mtu kuliiga. Mwenye fedha kidogo atapendezwa na Mirror ya mwaka 1962, yenye kilo 45 hivi, iliyobuniwa ili mtu aiunde mwenyewe kwa plaiwudi iliyoshonwa kwa waya wa shaba. Mafundi wa mtepe, walioshona vyombo kwa kamba za nazi, wangalicheka kusikia kwamba huo ni ubunifu mpya.

Atakaye kushindana, kabla ya yote aulize wenzake wa maji yale wana aina gani, akanunue hiyo hiyo. Vyombo vikiwa sawa, ashindaye ni baharia.

Ukinunua kilichotumika, bonyeza sakafu yake kwa kiganja: ikibonyea, mbao zimeoza au tabaka zimeachana. Kisha vaa jaketi la kuokolea, ukipindue makusudi penye maji ya kifua, uone kama vyumba vyake vya hewa havifumi. Tela la barabarani usilitie katika maji ya chumvi, maana beringi za magurudumu huliwa na kutu upesi. Tumia kigari kidogo cha kuteremshia.